Dada yangu ana kilo 118 na kaambiwa damu haitoshi. Wana Kigoma tuongee kuhusu sahani zetu

Mama Lishe Kibirizi (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni. Uzi ni mrefu, mwenye haraka apite salama.

Nina dada yangu mkubwa, tumbo moja, ana miaka 43, anaishi Gungu. Urefu wake ni mita 1.62 na uzito kilo 118. Ukizidisha urefu kwa urefu, kisha ukagawa kilo kwa jibu hilo, unapata BMI (kipimo cha uzito kwa urefu) ya 45 hivi. Kuanzia 30 mtu anahesabiwa ana kiribatumbo, kuanzia 40 yuko daraja la tatu, la juu kabisa. Kwa hiyo hapa hatuzungumzii mtu aliyejazia kidogo. Huyu magoti yanamuuma akipanda ngazi, na akisimamisha daladala ya Mwandiga konda anamtazama yeye kwanza, kisha anatazama siti.

Kwa muda mrefu amekuwa akichoka, moyo unamwenda mbio hata akifagia uwanja. Wote tulisema ni uzito, na yeye mwenyewe akakubali ni uzito. Alipopimwa, wingi wa damu ukakutwa 9.8, wakati mwanamke asiye mjamzito anatakiwa awe na 12 kwenda juu. Nyumbani watu walicheka. "Mwili wote ule hauna damu?" Shangazi alisema mashine mbovu, warudie.

Mimi kazi yangu ni chakula. Napika, nauza, najua sahani ya mtu inavyokaa. Nikaanza kuangalia dada anakula nini, maana anakula kiasi gani kila mtu mtaani tayari anajifanya anajua.

Asubuhi hali kitu, anajibana apungue. Saa nne njaa ikimshinda, chai ya rangi vijiko vinne vya sukari na maandazi. Mchana ugali wa muhogo na maharage yaliyoungwa kwa mawese, au mchuzi wa migebuka. Nasema mchuzi, kwa sababu samaki wenyewe anawagawia watoto na shemeji. Jioni chai tena na mihogo ya kukaanga. Halafu usiku watu wamelala ndiyo anakula kweli: kiporo cha wali, mkate, soda. Hataki aonekane na sahani, maana akionekana tu kila mtu ana la kusema.

FAO, shirika la chakula la Umoja wa Mataifa, wana kipimo cha wanawake wa miaka 15 hadi 49. Chakula kimegawanywa makundi 10: nafaka pamoja na mizizi na ndizi za kupika; kunde; karanga na mbegu; maziwa; nyama, kuku na samaki; mayai; mboga za majani za kijani; matunda na mboga za rangi ya njano au chungwa zenye vitamini A; mboga nyingine; matunda mengine. Aliyekula makundi 5 kwenda juu kwa siku ana nafuu. Nikamhesabia dada. Maandazi, ugali, mihogo, wali, mkate: vitu vitano, kundi moja. Maharage la pili. Nyanya na kitunguu cha kwenye mchuzi, nikimwonea huruma, la tatu. Sukari, soda na mafuta havihesabiwi. Mtu wa kilo 118, makundi matatu.

Utafiti wa afya wa taifa wa 2015-16 ulikuta asilimia 28 ya wanawake wa umri huo wana uzito uliozidi au kiribatumbo. Utafiti huohuo ukakuta asilimia 45 wana upungufu wa damu. Watu wakizisoma namba hizo wanadhani ni wanawake wa aina mbili. Mimi ninaye mmoja mwenye zote mbili.

Msimamo wangu ni huu, na nipo tayari kupingwa: kabla hujamwambia mtu wa namna hii apunguze chakula, angalia kwanza nini hakipo sahanini. Ukipunguza sahani ambayo tayari haina kitu, unabakiza nusu ya kutokuwa na kitu.

Karibuni.


Kijana wa Katubuka

Mama Lishe heshima yako, lakini tusizunguke. Kinachoingia kimezidi kinachotoka, basi. Mimi nilikuwa na kilo 92, nikakata ugali wa usiku, sasa hivi nipo 78. Nidhamu tu mkuu. Hayo ya makundi ni kumtafutia dada sababu.


Mha wa Buhigwe

Kijana, kilo 92 ulikuwa umevimba kwa bia za sikukuu. Usijiweke mzani mmoja na mtu wa BMI 45.


Nesi Zamu ya Usiku

Nimesoma mwanzo mwisho nikiwa nasubiri makabidhiano ya zamu. Kijana wa Katubuka, hesabu yako ya kuingia na kutoka si ya uongo, ila haielezi jambo aliloleta mleta uzi. Yeye hajauliza kwa nini dada ni mnene. Ameuliza kwa nini mnene hana damu.

Nijaribu kueleza. Mafuta ya mwilini hayakai tu pale kama mzigo. Yakizidi sana yanatoa kemikali zinazoweka mwili katika hali ya uvimbe wa ndani, uvimbe wa chinichini ambao huuoni kwa macho. Ini likipokea taarifa hizo linatengeneza homoni iitwayo hepsidini kwa wingi. Hepsidini ni kama bawabu wa madini ya chuma: ikizidi, utumbo unapitisha chuma kidogo, na hata kile kilichopo akibani kinafungiwa humohumo. Kwa hiyo dada anaweza kula chuma kilekile unachokula wewe, yeye kikaingia kidogo kuliko chako. Sasa weka juu yake kwamba hata hicho hali, maana samaki kawapa watoto. Na kama hedhi yake ni nzito, jambo la kawaida kwa wanawake wenye uzito mkubwa, unapata hiyo 9.8 bila mashine kuwa mbovu. Msalimie shangazi.

Jambo la pili ni vitamini D. Watu wanashangaa, Kigoma jua lote hili! Vitamini hiyo inayeyuka kwenye mafuta. Mwili wenye mafuta mengi unaitawanya humo, kwenye damu inabaki kidogo. Ongeza kwamba mtu anayeona aibu kutoka nje anashinda ndani, na akitoka kajifunika.

Zinki, foliki na B12 pia hupungua kwa wengi wao. Wanaopimwa kabla ya upasuaji wa kupunguza uzito, duniani kote, wengi wanakutwa na upungufu wa kitu kimoja au zaidi hata kabla kisu hakijawagusa.

Mama Lishe, dada anatumia metformini?


Mama Lishe Kibirizi

Ndiyo Nesi, anatumia. Sukari iligundulika zamani kidogo.


Nesi Zamu ya Usiku

Basi B12 ipimwe pale patakapowezekana. Metformini ikitumika miaka mingi inapunguza ufyonzwaji wa B12. Asiiache dawa kwa sababu nimeandika hapa, nasema amuulize daktari wake. Ganzi miguuni ikianza, wengi wanasema ni kisukari wanaishia hapo, kumbe B12 nayo inaweza kuwemo.


Baba Pacha

Mie nina swali moja. Mmetaja mawese kama vile ni adui. Sisi tumekulia mawese. Bibi zetu wamekula mawese wakafika miaka 90 na mgongo umenyooka. Leo mtu wa mjini anakuja kutwambia mawese yananenepesha, tununue mafuta ya dukani. Hapana.


Mama Lishe Kibirizi

Baba Pacha sijasema uache mawese, mimi mwenyewe nikiyaacha wateja watanihama. Nimesema sukari na mafuta havihesabiwi kwenye yale makundi.


Mha wa Buhigwe

Maharage bila mawese ni adhabu. Nimemaliza.


Afisa Lishe Mstaafu

Wadau, nimefanya kazi ya lishe mikoa miwili hii, Tabora na Kigoma, sasa nipo shambani. Naomba nafasi, maana jambo la mawese linaongelewa kwa hisia sana huku kwetu.

Wekundu wa mawese ni karotini, ambayo mwili unaigeuza kuwa vitamini A. Katika vyakula vya asili, ni vichache vinavyoyashinda mawese mabichi kwa hilo. Hapo Baba Pacha yuko sahihi kabisa. Lakini tazameni tunavyoyapika. Mama anayaweka kwenye sufuria kavu, moto mkali, anayaacha mpaka yanatoa moshi na wekundu unapotea, anasema "yameiva". Yaliyoiva ni kwamba karotini imeungua. Amebaki na mafuta matupu, na karibu nusu ya mafuta ya mawese ni yale mazito yanayopandisha lehemu (kolesteroli) mbaya. Kijiko kikubwa kimoja cha mafuta, yawe mawese, alizeti au ya dukani, ni kalori 120 hivi. Mapishi mengi ya huku ni upawa, si kijiko. Bibi zetu waliyatumia mekundu, kidogo, tena wakalima kutwa na kutembea kwa miguu hadi sokoni.

Kwa mtu wa kilo 118 mimi ningesema: mawese mekundu, yapashwe moto kiasi tu, yapimwe kwa kijiko, yaende kwenye mboga za majani na maharage. Karotini inahitaji mafuta kidogo ili ifyonzwe, hivyo kisamvu chenye kijiko cha mawese ni bora kuliko kisamvu kikavu. Ya kukaangia mihogo aachane nayo.

Sasa ugali. Hapa ndipo ninapoona tatizo kubwa la Kigoma, na halisemwi. Unga wa muhogo ni wanga karibu mtupu. Protini yake ni gramu moja au mbili katika gramu 100. Mahindi yana nane hivi. Mtu anayekula ugali wa muhogo na mchuzi mtupu anashiba tumbo, misuli inabaki na njaa. Saa tatu baadaye anatafuta tena cha kula, tunamwita mlafi. Mimi siuiti ulafi huo. Ukichanganya unga wa muhogo na dona nusu kwa nusu, hali inabadilika kidogo. Ukiweka dagaa, inabadilika sana.

Nao dagaa wa Kigoma! Watu wanawasafirisha hadi nje ya nchi, sisi tunakula mchuzi. Dagaa mkavu zaidi ya nusu ya uzito wake ni protini. Unamla mzima na mifupa yake, kwa hiyo na kalisi unapata, na B12 imo. Gramu 25 za dagaa wakavu, konzi moja, zina takriban gramu 15 za protini. Mtu anayepungua uzito bila protini ya kutosha anapoteza misuli pamoja na mafuta, akirudisha uzito anarudisha mafuta zaidi kuliko misuli. Waliofanyiwa upasuaji wa kupunguza uzito huambiwa wasishuke gramu 60 za protini kwa siku, na wasiofanyiwa si vibaya wakailenga namba hiyohiyo, isipokuwa mwenye figo mbovu, huyo aongee na daktari kwanza.

Kidogo kuhusu kipimo cha makundi 10: kilitengenezwa kupima kundi la watu, wanawake wa kijiji au wilaya, siyo kumhukumu mtu mmoja kwa siku moja. Pia hakisemi lolote juu ya wingi. Mtu anaweza kufikisha makundi saba na bado akanywa soda nne. Kukitumia jikoni kama ukumbusho, sina ugomvi.


Kijana wa Katubuka

Mzee nimekuelewa. Lakini sasa dagaa bei yake mmeiona? Mnamwambia mtu ale dagaa kana kwamba wanaokotwa ufukweni.


Mama Lishe Kibirizi

Hapo Kijana umegusa kidonda. Mwaka 2024 ziwa lilipofungwa Mei 15 hadi Agosti 15 ili samaki wazaliane, biashara yangu iliyumba. Wateja wengi walikula maharage miezi yote ile. Sipingi kufunga ziwa, samaki walikuwa wamekwisha. Nasema sahani ilibadilika, na iliyobadilika kwanza ni ya mwanamke.

Ila nikwambie siri ya mgahawa. Mteja akija, anachotaka kuona ni mlima wa ugali. Mboga akipata vijiko viwili hasemi kitu. Ugali ukipungua kidogo, anahamia meza ya jirani, na siku ya pili harudi. Ugali ndio rahisi kwangu, kwa hiyo nafanya kama anavyotaka. Sahani nzima ya mji huu imepangwa hivyo. Mwenye kilo 60 anayebeba mizigo bandarini anaweza kuihimili. Dada yangu anayekaa dukani kutwa, hapana.

Kuhusu bei, konzi ya dagaa haifikii bei ya soda mbili. Dada alikuwa anakunywa soda kila usiku. Chupa ya nusu lita ina sukari ya gramu 50 na ushee, na WHO wanasema sukari ya kuongeza kwa siku nzima isizidi 50 hivi, ikiwa 25 ni bora zaidi. Tumehamisha hela, hatujaongeza.


Mnyamwezi Mgeni

Mwangaluka wakuu. Mimi niko Urambo, nimevutwa na kichwa cha uzi. Huku kwetu Tabora hadithi ni ileile, mboga ndizo tofauti. Sisi tuna karanga, asali, maembe ya kumwaga msimu wake, nsansa (mboga ya majani makavu) na mlenda. Ila nyumba nyingi zenye uwezo kidogo sasa zimeona nsansa ni chakula cha maskini. Mtu akipata hela anahamia chipsi mayai na soda. Shemeji yangu Tabora mjini alifika kilo 130, hajui mara ya mwisho alikula majani lini, na karanga anauza gunia kwa gunia.

Swali: asali je? Maana tunaambiwa siyo sukari.


Afisa Lishe Mstaafu

Asali ni sukari mkuu, ingawa mimi naipenda na nafuga nyuki. WHO wanaihesabu humohumo kwenye sukari ya kupunguza. Kijiko kimoja kwenye uji sawa, kikombe hapana. Karanga zirudishe mezani: za kuchemsha au zilizosagwa kwenye nsansa, konzi moja, siyo bakuli, maana nazo zina mafuta mengi. Matobolwa na michembe (viazi vitamu vilivyokaushwa) ni wanga, viweke upande wa ugali, siyo juu ya ugali.


Tiba Asilia Kamili

Habari wapendwa. Yote haya ni mateso ya bure. Ipo chai yangu ya mitishamba, inachoma mafuta ya tumbo, inasafisha utumbo na kupunguza kilo 10 kwa wiki mbili bila mazoezi wala kujinyima. Njoo ujumbe wa siri.


Nesi Zamu ya Usiku

Chai nyingi za kupunguza tumbo zina majani ya sena, ambayo ni ya kuharisha. Unachopoteza ni maji na potasiamu, mafuta yapo palepale. Kwa mtu mwenye dawa za presha au kisukari, potasiamu ikishuka moyo unaweza kugoma. Moderata tafadhali.


Mha wa Buhigwe

Kilo 10 kwa wiki mbili, hata kuugua kipindupindu hufiki.


Binti Ujiji Dar

Naandika kwa kificho kidogo. Mimi ni mzaliwa wa Ujiji, niko Dar sasa. Nilikuwa na BMI ya 43, nikawekewa puto la kupunguza nafasi ya chakula tumboni, pale hospitali ya Mloganzila. Sitaki kumshawishi mtu, nataka kusema sehemu ambayo haiongelewi.

Kila mtu aliniuliza nimepungua kilo ngapi. Hakuna aliyeniuliza nakula nini. Siku za mwanzo unatapika, unakunywa maji kwa kijiko. Baadaye tumbo linapokea kidogo sana, pengine kikombe kimoja cha chakula kwa mlo. Sasa fikiria kikombe kile ukikijaza uji mweupe wa sukari, kwa sababu ndio unapita kirahisi. Nywele zilianza kutoka. Mtaalamu wa lishe akaniambia yai kwanza, samaki kwanza, dagaa uliosagwa kwenye supu, halafu mboga, na wanga mwisho kama nafasi imebaki. Vidonge vya vitamini kila siku. Waliokatwa tumbo ndio zaidi: wanaondolewa karibu robo tatu ya tumbo au zaidi, na vidonge ni vya maisha.

Jambo jingine. Kutapika sana kwa siku nyingi kunamaliza tayamini, yaani vitamini B1, na akiba yake mwilini ni ndogo. Ikiisha mtu anaanza kuyumba, macho yanacheza, anachanganyikiwa, watu wanasema karogwa. Mwenye puto au aliyekatwa tumbo akitapika bila kukoma asikae nyumbani.

Na nilipopungua, kijijini walisema nina UKIMWI. Nilipokuwa mnene walisema mume ananitunza. Hakuna kilo ambayo watu wataipenda.


Baba Pacha

Pole sana binti yetu. Hilo la UKIMWI ni kweli, mama mmoja mtaani kwetu alikuwa anapungua kwa ushauri wa daktari, akaacha kwa sababu ya maneno ya msibani.


Kijana wa Katubuka

Na zile sindano za kukata hamu ya kula? Naona watu wanaziuza mtandaoni.


Nesi Zamu ya Usiku

Semaglutide, mojawapo ya sindano hizo, ilianza kama dawa ya kisukari, Marekani ikaiidhinisha kwa kupunguza uzito mwaka 2021. Inafanya kazi, lakini iandikwe na daktari. Ya mtandaoni hujui kilichomo wala ilisafiri kwenye joto gani. Na kinadharia tatizo la sahani linakuwa kubwa zaidi: hamu ikikatika unakula nusu, na kama ile nusu ni maandazi, upungufu unaongezeka. Ukipungua kwa kasi sana mawe ya nyongo nayo yanakuja.

Na nikujibu lile la nidhamu, sikulijibu mwanzo. Mwili wa mtu aliyepungua sana unapigana kurudi. Homoni ya njaa inapanda, ya shibe inashuka, na mwili unachoma kalori kidogo kuliko ulivyotarajia. Kurithi nako kuna sehemu yake kubwa. Wewe ulipunguza kilo 14 na nakupongeza, hiyo ni asilimia 15 ya uzito wako. Dada akipunguza asilimia 5 hadi 10 tu, yaani kilo 6 hadi 12, presha na sukari vinaanza kutengemaa. Bado atakuwa mnene machoni pa konda wa Mwandiga. Sisi hospitali tutakuwa tumefurahi.


Kijana wa Katubuka

Sawa Nesi. Hilo la asilimia sikuwa nalijua. Naondoa neno nidhamu.


Mama Lishe Kibirizi

Wakuu asanteni, niwape hatua tuliyofikia kwa sababu wengine wameuliza pembeni.

Nimeanza na asubuhi, usiku sikugusa zaidi ya soda. Nilijua nikimwambia asile usiku atakula kwa kificho zaidi. Asubuhi sasa anakula yai la kuchemsha na kipande cha ndizi ya kuchemsha au kiazi kitamu, na papai au chungwa. Chai inasubiri saa nzima baada ya kula, kwa sababu chai ya rangi inakaba madini ya chuma. Hili lilimuuma kuliko kuacha soda. Mtu wa Kigoma umwambie chai isubiri!

Mchana ugali wa muhogo na dona, ngumi moja, dagaa wa kuchemsha na nyanya, ndimu ikamuliwe juu, na matembele au mchicha nusu ya sahani. Ndimu nasisitiza, vitamini C inasaidia chuma cha mboga kuingia. Parachichi za Kasulu zikifika kwa wingi anapata nusu. Siku ya mwisho wa wiki maini kidogo.

Usiku? Akishiba asubuhi na mchana, usiku umepungua wenyewe. Haujaisha. Nimemkuta na mkate juzi, nikapita kama sijaona.

Lililonishinda ni samaki wa watoto. Kila nikimpa kipande chake anakihamisha. Nimeongea na shemeji, nikamwambia: shemeji, ukiona sahani ya dada haina samaki, nawe chako kirudishe sufuriani. Alinuna. Sasa hivi ndiye anayemgawia.

Swali langu la mwisho: tukienda kliniki tuombe nini hasa? Mara iliyopita walipima presha wakasema iko juu sana, kipimo kikambana mkono mpaka akalia. Na mzani ulimkataa, tukapimwa kwenye mzani wa dukani.


Nesi Zamu ya Usiku

Muombe kitambaa kikubwa cha kipimo cha presha, cha mkono mnene. Kitambaa kidogo kwenye mkono mkubwa kinapandisha namba kwa uongo, mtu anapewa dawa asizohitaji. Msione haya kuomba. Mzani wa dukani kwa leo unatosha, mradi uwe uleule kila mara.

Damu ipimwe upya ikiwa na picha ya chembe nyekundu. Kama kuna uwezo wa kupima akiba ya chuma, yaani feritini, iwepo, ila mkumbushe daktari kuwa feritini inapanda pale palipo na uvimbe wa ndani, kwa hiyo ikisoma kawaida kwa mtu wa kilo 118 haimaanishi chuma kipo. B12 na vitamini D huenda sampuli ikasafirishwa. Wastani wa sukari ya miezi mitatu, figo, ini. Mwambieni daktari hedhi ikoje bila kuficha. Vidonge vya chuma atapewa, asivimeze na chai wala maziwa, na choo kikiwa cheusi asishtuke. Halafu ombeni rufaa ya kumwona afisa lishe, siyo karatasi ya "punguza vyakula vya mafuta".


Afisa Lishe Mstaafu

Naongeza moja. Mshipi wa fundi cherehani upitishwe kiunoni, mwandike. Mwanamke kuanzia sentimita 88 hatari ni kubwa, mwanaume 102. Kiuno mara nyingi kinashuka kabla mzani haujasema kitu, na inamtia mtu moyo.


Mama Lishe Kibirizi

Nimeandika yote nyuma ya daftari la madeni. Jumatatu tunakwenda, kitambaa kikubwa nitakiomba kwa sauti. Na wewe wa chai ya kuchoma mafuta, nimeona ujumbe wako wa siri na ofa ya punguzo. Usinitumie tena, au njoo Kibirizi uone jinsi dada mwenyewe anavyokusubiri.